Kifuniko cha boksi la pikipiki kufunguka njiani: Sababu, hatari na namna ya kukidhibiti

Kwa anayeishi kwa kubeba mizigo kwa pikipiki, boksi la nyuma ndiyo duka lake. Ndani kuna chakula cha mteja, simu iliyonunuliwa mtandaoni, dawa za famasi, nyaraka za ofisi. Kifuniko kikifunguka barabarani hasara ni yake, kwa sababu hakuna mteja atakayekubali kulipia kitu kilichodondoka njiani.

Hiyo lakini ni hasara ya fedha tu. Kubwa zaidi ni ya anayekuja nyuma. Kifuniko cha plastiki ngumu au cha bati kikichomoka kwenye barabara kuu, dereva wa pikipiki iliyo nyuma ana muda mfupi sana wa kuamua akikwepe au apite juu yake. Kulia kwake huenda kuna daladala, kushoto kuna mtaro.

Vifuniko vingi havifunguki kwa bahati mbaya. Huanza kulegea siku nyingi kabla, na dalili huwa zinaonekana na kusikika. Makala hii inaeleza kwa nini vinafunguka, namna ya kuvizuia, na nini cha kufanya kikikufungukia ukiwa katikati ya safari.

Aina za boksi na mabegi

Si kila boksi linafungwa kwa njia moja, hivyo kwanza ujue unalotumia ni lipi.

Boksi la plastiki la kiwandani: Hili hukaa juu ya keria na huwa na kitasa chenye funguo. Kampuni ya GIVI ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1978 na Giuseppe Visenzi, ni miongoni mwa zilizolipa umaarufu. Mengi ya mabokisi haya yana bawaba upande wa dereva na kitasa upande wa nyuma.

Boksi la fundi: Ndilo linaloonekana zaidi kwenye pikipiki za mikate, samaki, vifurushi na chakula. Hutengenezwa kwa faiba, bati au mbao, likapigwa bawaba mbili na komeo la kufuli. Ubora wake unategemea mkono wa fundi.

Boksi la pembeni: Huwa mawili, moja kila upande wa tairi la nyuma. Ya aluminiamu hupendwa na wanaosafiri umbali mrefu, na ya plastiki huja na pikipiki kubwa za safari.

Mabegi ya kitambaa au ngozi: Hutupwa juu ya siti yakaning'inia pande mbili. Mengine hufungwa kwa mikanda, mengine kwa zipu, na mengine kwa kukunja mdomo wa begi kama yale ya kampuni ya Ortlieb ya Ujerumani.

Kwa nini kifuniko hufunguka

*1. Kitasa kushika nusu*

Hii ndiyo sababu inayodanganya wengi. Kifuniko kinaonekana kimefungwa, hata ukikigusa hakiinuki, lakini ulimi wa kitasa umeingia kidogo tu. Ukipiga tuta la kwanza, unaruka.

Kinachosababisha mara nyingi ni kitu kidogo: mfuko wa nailoni uliobanwa kwenye mdomo wa boksi, kamba ya koti la mvua, punje za mchanga ndani ya kitasa, au upande mmoja wa kifuniko kukaa chini huku mwingine ukiwa juu.

*2. Kujaza kupita kiasi*

Ukilazimika kukikalia kifuniko ndipo kifunge, ujue mzigo unakisukuma kutoka ndani muda wote. Kila shimo linapopigwa, mzigo unaruka na kukigonga kwa chini. Kitasa hakikutengenezwa kuhimili kugongwa hivyo kutwa nzima. Ulimi unachakaa, plastiki inayoushika inapata ufa, na siku moja vinaachana.

*3. Mtikisiko*

Pikipiki nyingi za biashara Afrika Mashariki, zikiwemo Boxer na TVS, zina injini ya pistoni moja. Injini za namna hiyo hutikisika kuliko zenye pistoni nyingi zilizosawazishwa vizuri. Ongeza hapo matuta, rasta na barabara za vumbi. Boliti isiyo na kizuizi hulegea taratibu, na pini ya bawaba hutoka milimita kwa milimita bila mtu kuona.

*4. Upepo*

Upepo una hesabu yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo inaongezeka mara nne. Kifuniko chenye upana na urefu wa sentimita 50, kikiinuka wima kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 2 hivi. Kwenye kilomita 80 kwa saa, kifuniko kilekile husukumwa kwa nguvu inayokaribia kilo 8 au zaidi.

Ndiyo maana mtu anaweza kuzunguka mjini wiki nzima na kitasa kibovu bila tatizo, halafu siku anapotoka kwenda Chalinze au Naivasha kifuniko kinang'oka dakika chache baada ya kushika barabara kuu.

*5. Bawaba kuwa upande usiofaa*

Hili ni kosa la kawaida kwenye mabokisi ya mafundi. Bawaba ikiwekwa nyuma, mdomo wa kifuniko unaangalia mbele, yaani unapokea upepo. Ukipatikana upenyo mdogo, hewa inaingia ndani na kukifungua kama mwavuli. Bawaba ikiwa mbele, upande wa dereva, upepo unasaidia kukilaza kifuniko badala ya kukiinua.

*6. Jua na vumbi*

Plastiki inayoanikwa juani kila siku inakauka na kuwa rahisi kuvunjika. Mpira wa kuzuia maji kwenye mdomo wa boksi nao unakakamaa, kifuniko kinaanza kucheza. Vumbi likichanganyika na grisi linakuwa kama tope ndani ya kitasa, na ulimi hauchomoki wote.

Fundisho kutoka boneti ya gari

Fungua boneti ya gari lolote la kawaida. Ukivuta kamba ya ndani, boneti inaruka kidogo tu na kubaki imeshikwa. Lazima uingize vidole na kusukuma kilimi cha pili ndipo ifunguke yote.

Kilimi hicho kipo kwa sababu moja: boneti nyingi zina mdomo unaoangalia mbele, na watengenezaji wanajua kwamba ipo siku kitasa cha kwanza kitashindwa. Kinaposhindwa, cha pili kinaizuia boneti isipige kioo cha mbele.

Mabokisi mengi ya pikipiki hayana kilimi cha pili. Yana kitasa kimoja, na kikishindwa hakuna kingine. Kwa hiyo kanuni ya kushika ni hii: kifuniko kishikwe na vitu viwili visivyotegemeana. Kitasa kikivunjika, cha pili kibaki. Makufuli mawili kwenye komeo moja hayahesabiki kuwa viwili, kwa sababu komeo likitoka yote yanaondoka nalo.

Hata viwanda vikubwa havijasalimika na matatizo ya vishikizo. Mwaka 2015 Harley-Davidson iliziita zirekebishwe pikipiki zaidi ya 185,000 za matoleo ya 2014 na 2015 nchini Marekani, baada ya kubainika kuwa mabegi ya pembeni yangeweza kuchomoka zikiwa kwenye mwendo. Hapo tatizo lilikuwa begi zima, siyo kifuniko peke yake, lakini somo ni lilelile.

Namna ya kuweka kinga ya pili

*Kamba ya ndani*

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na inafaa karibu kila boksi gumu. Ni kipande cha kamba imara au waya uliosukwa, kinachounganisha kifuniko na ukuta wa boksi kwa ndani. Haizuii kifuniko kufunguka. Kazi yake ni kukizuia kisiondoke kabisa kitasa au bawaba vikivunjika.

Urefu wake upimwe vizuri. Ikiwa ndefu sana, kifuniko kitaning'inia na kugonga taa ya nyuma au, kwa boksi la pembeni, kitafika kwenye tairi. Iache iruhusu kifuniko kufunguka kiasi cha kuingiza mzigo, isizidi hapo.

Kuna mabokisi ya kiwandani yanayokuja na kamba hii tayari. Tatizo ni kwamba ikikatika, wengi hawairudishii kwa kuwa boksi linaendelea kufunga bila hiyo.

*Klipu ya kukaza*

Ni ile inayoonekana kwenye masanduku ya vifaa vya mafundi: unaipachika kwenye ndoano, unaikandamiza, inakaza. Weka mbili, moja kila upande wa kitasa. Zina faida mbili. Zinafungika haraka, na zinakivuta kifuniko chini hivyo kinaacha kucheza.

*Mkanda unaozunguka boksi*

Mkanda wa kitambaa kizito wenye klipu hupita juu ya kifuniko na chini ya boksi au keria. Unafaa kwa safari ndefu na kwa boksi ambalo kitasa chake kimeanza kuchoka wakati unasubiri kununua kingine. Ncha inayobaki ikunjwe na kufungwa. Mkanda unaopeperuka ukiingia kwenye cheni au spoku unaweza kulifunga tairi la nyuma ghafla, na hapo unaanguka.

*Komeo lenye pini*

Kwa boksi la fundi, komeo bila kitu ndani ya pete yake halitoshi. Mtikisiko unalirusha. Dereva wa delivari anayefungua boksi mara 20 kwa siku hatakubali kufunga kufuli kila mara, na hilo linaeleweka. Basi atumie pini ya chuma iliyofungwa kwa mnyororo mfupi ili isipotee. Anaichomeka kwa mkono mmoja na kuondoka, na kufuli analiweka anapoegesha.

Hapa pana jambo la kuzingatia kwa kila kinga utakayoichagua: ikiwa ngumu kutumia, haitatumika. Ijaribu ukiwa umevaa glavu, mvua inanyesha na mteja anapiga simu. Ikishindikana katika hali hiyo, tafuta nyingine.

Ukitoboa boksi, fanya hivi

Kuongeza klipu au kamba kunahitaji matundu, na matundu mabaya yanaliua boksi.

Anza na ncha ndogo ya drili, kisha ongeza ukubwa taratibu. Usitoboe karibu na ukingo, maana plastiki na faiba hupasuka kuanzia hapo. Weka washa pana pande zote mbili ili nguvu isambae badala ya kukaa sehemu moja.

Tumia nati yenye duara la nailoni ndani. Nati hiyo inabana nyuzi za boliti na hailegei kirahisi kwa mtikisiko. Ikikosekana, gundi maalumu ya nyuzi za boliti inasaidia. Kisha pitisha silikoni kuzunguka tundu ili mvua isipenye.

Kwa bawaba za bati, kagua ncha za pini. Ikiwa pini inatoka kwa kusukumwa na kidole, mwambie fundi aikunje au aigonge vichwa pande zote mbili. Ni kazi ya dakika chache.

Mipira ya kufungia: Inasaidia, kwa masharti

Kamba ya mpira yenye ndoano na vipande vya tyubu ya baiskeli ndivyo vinavyotumika zaidi mitaani, kwa sababu ni rahisi kupatikana na vinafunga karibu kila kitu. Kwa kukandamiza kifuniko vinafaa kama kinga ya pili. Kama kinga pekee, hapana.

Mpira una tabia ya kuvutika. Mzigo ukiruka, mpira unarefuka na kifuniko kinainuka. Pia jua linaula. Ukiuvuta ukaona mistari ya nyufa ndogondogo, muda wake umekwisha.

Ndoano ina hatari nyingine. Ikichomoka wakati unaivuta, inarudi kwa kasi usoni, na jicho ndilo linalokuwa karibu. Usiinamie kamba unapoifunga. Geuza uso pembeni. Na ndoano ishike chuma cha keria, kamwe isishike indiketa, kibao cha namba au ukingo wa plastiki.

Mabegi ya kitambaa yana kanuni zake

Begi la kukunja mdomo linataka likunjwe angalau mara tatu kabla ya kubana klipu. Ukikunja mara moja, maji yataingia na mtikisiko utalifungua. Toa hewa kwanza kwa kulikandamiza, la sivyo litabaki limevimba kama puto na kupeperuka.

Begi la zipu lisijazwe mpaka meno ya zipu yanatanuka. Ukimaliza kufunga, vuta kichwa cha zipu kielekee mbele na kifungwe kwa uzi au pete ndogo. Kikiachwa kinaning'inia, mtikisiko unakirudisha taratibu.

Begi la ngozi lenye mikanda nalo linahitaji kuangaliwa mvua ikinyesha. Ngozi ikilowa inarefuka, na mkanda uliokuwa umekaza asubuhi unakuwa mlegevu mchana.

Kwa yote matatu, hakikisha begi haligusi bomba la moshi na haliwezi kusukumwa likafika kwenye tairi. Linavyokaa pikipiki ikiwa imesimama sivyo linavyokaa siti ikiwa imebonyea kwa uzito wa watu wawili.

Namna ya kupakia

Mabokisi mengi ya kiwandani yana kibandiko ndani ya kifuniko kinachotaja uzito wa mwisho. Kwa boksi la nyuma mara nyingi huwa kati ya kilo 3 na 10, na mengine hutaja pia mwendo usiopaswa kuzidishwa. Wengi hukibandua bila kukisoma.

Weka vitu vizito chini na karibu na siti. Uzito ukiwa juu na nyuma kabisa, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kuyumba.

Ziba nafasi tupu kwa nguo, sponji au maboksi ya karatasi. Mzigo usiocheza haugongi kifuniko. Chupa ya lita moja inayorukaruka ndani ya boksi inafanya kazi ya nyundo.

Abiria naye asiegemee kifuniko. Boksi lenye mto wa mgongo limetengenezwa kwa ajili hiyo. Lile lisilo nao bawaba zake hazikupangiwa kubeba mgongo wa mtu.

Ukaguzi wa sekunde 30 kabla ya kuondoka

Hauhitaji kifaa chochote.

Angalia: Mdomo wa kifuniko uko sawa pande zote? Kuna kamba au mfuko uliobanwa?

Vuta: Inua kifuniko kwa nguvu kwenye kila kona, siyo kukigusa tu. Kitasa kilichoshika nusu hujitaja hapa.

Tikisa: Shika boksi zima ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, tatizo liko kwenye boliti za keria.

Sikiliza: Ukipita tuta la kwanza, sikiliza nyuma. Mlio mpya wa kugongana unamaanisha kuna kitu kimelegea. Simama ukague.

Funguo: Geuza mpaka mwisho na uitoe. Kwenye baadhi ya mabokisi, funguo ikiachwa kwenye hali ya kufungua, kugusa kitufe tu kunatosha kukifungua kifuniko.

Kwa safari ndefu, simama tena baada ya kilomita 10 hadi 15. Mzigo huwa umeshajipanga upya, na mikanda iliyokuwa imekaza huwa imelegea.

Mara moja kwa mwezi fanya jaribio la karatasi. Weka kipande cha karatasi kwenye mdomo wa boksi, funga kifuniko, kisha kivute. Kikitoka bila ubishi, upande huo kifuniko hakishiki vizuri. Rudia kwenye kona zote nne. Siku hiyohiyo safisha kitasa kwa brashi ndogo na ukipulizie silikoni au unga wa grafaiti. Grisi nzito iachie cheni na beringi, kwa sababu kwenye kitasa inakusanya vumbi.

Kikifunguka ukiwa barabarani

Jambo la kwanza ambalo mwili unataka kufanya ni kugeuka na kunyoosha mkono nyuma. Usifanye hivyo. Ukigeuka, pikipiki inafuata mabega yako, na umebaki na mkono mmoja kwenye usukani.

Badala yake, punguza mafuta taratibu. Usipige breki ya ghafla, kwa sababu anayekufuata hajui kilichotokea. Tazama kioo cha pembeni, washa indiketa na utoke barabarani. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda utatokea kushoto. Kwa Rwanda, Burundi na Kongo utatokea kulia.

Simama mahali penye nafasi, zima injini, kisha ndiyo uangalie. Kama umebeba abiria, ashuke kwanza upande wa nje ya barabara.

Kama kifuniko au mzigo umedondoka, usikimbie kuuokota katikati ya magari. Simama pembeni mahali unapoonekana na uwaashirie wanaokuja wapunguze mwendo. Okota pale tu barabara inapokuwa wazi. Ikiwa ni barabara ya mwendo kasi au ni usiku, omba msaada wa polisi wa usalama barabarani au walio karibu. Hakuna kifurushi chenye thamani ya kugongwa.

Wanaobeba dawa na sampuli

Kwao kifuniko si suala la hasara ya biashara. Nchini Uganda, kwa mfano, waendesha pikipiki ndio wanaokusanya sampuli za wagonjwa kutoka vituo vya afya na kuzipeleka kwenye vituo vikubwa ili zifike maabara. Mgonjwa anayesubiri majibu ya kifua kikuu hajui kwamba safari ya matibabu yake imepita juu ya keria.

Ufungaji unaokubalika kimataifa kwa sampuli za aina hii ni wa tabaka tatu: chupa isiyovuja, ndani ya chombo kingine kisichovuja chenye kitu cha kufyonza, ndani ya boksi gumu la nje. Kifuniko cha boksi la pikipiki hakiingii kwenye hesabu hiyo. Ni ulinzi wa nyongeza, na kikifunguka tabaka hizo tatu ndizo zinazobaki.

Kwa chanjo kuna suala la joto pia. Nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kifuniko kilichoacha upenyo kwenye jua la saa saba mchana kinaweza kuharibu kilichomo ndani bila chochote kudondoka, na anayepokea asijue kwa macho. Ndiyo maana jaribio la karatasi ni muhimu zaidi kwa boksi la baridi kuliko kwa boksi lolote jingine.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Sumaku zinafaa?* Zinapunguza kugongana kwa kifuniko, lakini haziwezi kushindana na upepo wa barabara kuu. Zitumie pamoja na kitasa.

*Tepu je?* Tepu nzito inakufikisha kwa fundi. Kesho yake vumbi na jasho la jua vimeshaiachanisha.

*Kitasa kikivunjika ni lazima kununua boksi jipya?* Hapana. Kwa mabokisi ya kampuni zinazojulikana, kitasa huuzwa peke yake. Kwa boksi la fundi, komeo hubadilishwa. Boksi lenyewe libadilishwe pale ukuta unaoshika kitasa au bawaba unapokuwa na ufa, kwa sababu hapo hata kitasa kipya hakina pa kujishikiza.

*Kubeba kitu kirefu huku kifuniko kikiwa wazi inaruhusiwa?* Kwa usalama, hapana. Kifuniko kilichoachwa wazi kimeshatoa nafasi kwa upepo kuingia. Kitu kirefu kifungwe juu ya keria au kipelekwe kwa bajaji.

Kwa kifupi

- Kifuniko kishikwe na vitu viwili visivyotegemeana.
- Bawaba iwe mbele, mdomo uangalie nyuma.
- Ukilazimika kukikalia ndipo kifunge, punguza mzigo.
- Vuta kila kona kabla ya kuondoka, na tena kila baada ya kumhudumia mteja.
- Ncha za mikanda zikae mbali na cheni na tairi.
- Kikifunguka, usigeuke. Punguza mwendo, toka barabarani, simama.

Kwa anayeanza leo, cha kwanza ni kufungua boksi na kuangalia kama ile kamba ya ndani bado ipo. Kama haipo, kamba na boliti mbili zinapatikana duka lolote la vifaa, na fundi wa mtaani ataifunga wakati wewe unasubiri oda inayofuata.